Injini Iliyosubiriwa: Shule ya Sekondari, Mwalo na Historia ya Kujifunza Ufundi wa Injini Ndogo za Petroli Mwanza na Kandokando ya Ziwa Victoria, 1967–2024

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna ufundi wa kutengeneza injini ndogo za petroli ulivyofunzwa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria tangu 1967, Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa, hadi 2024, mkondo wa amali ulipoanza katika shule za sekondari. Swali kuu ni hili: kwa nini shule ya sekondari, iliyopewa na sera jukumu la kufundisha stadi za kazi kwa zaidi ya nusu karne, haikuwa chimbuko la mafundi wanaohudumia injini za mitumbwi ziwani? Makala yanajenga hoja kwamba maelezo yaliyozoeleka, yaani wanafunzi kudharau kazi za mikono, hayatoshi. Karakana ya shule ilifundishia injini isiyo na mwenyewe wala safari, ikampima mwanafunzi kwa mtihani. Mwalo ulifundishia injini iliyokuwa ikisubiriwa, ukampima fundi kwa kurudi kwa mtumbwi. Kila upande ulikosa kilichokuwa upande wa pili, na gharama ya utengano huo imebebwa na wavuvi.

1.0 Utangulizi

Katika mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze, kama ilivyo katika mialo ya visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome, fundi wa injini za mitumbwi ni mtu anayejulikana kwa kila mvuvi, lakini ni nadra kumkuta katika kumbukumbu za elimu za Tanzania. Ripoti za elimu huhesabu walioandikishwa, waliofanya mtihani na waliofaulu. Ripoti za uvuvi huhesabu mitumbwi, nyavu, wavuvi na injini. Fundi yuko katikati ya hesabu hizo mbili na hahesabiwi na yoyote kati yake. Hata hivyo, bila yeye idadi ya injini inayotajwa katika ripoti za uvuvi haina maana, kwa kuwa injini isiyowaka si chombo cha uvuvi.

Kwa madhumuni ya makala haya, injini ndogo ya petroli ni injini yenye silinda moja au mbili hivi, ambayo fundi mmoja na msaidizi wake wanaweza kuibeba, kuifungua na kuiunganisha tena bila mtambo wa kunyanyulia. Kundi hili linajumuisha injini za kupachika nyuma ya mtumbwi, jenereta ndogo, pampu za maji na pikipiki. Mjadala umejikita katika injini ya kupachika, kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo iliyobadili uchumi wa ziwa. Pili, ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi tofauti kati ya kosa la darasani na kosa la kazini: injini ya pikipiki ikizimika, dereva huteremka na kusukuma, injini ya mtumbwi ikizimika usiku katika upepo mkali, hakuna mahali pa kuteremka.

Makala yanategemea sera na sheria za elimu, tafiti zilizochapishwa kuhusu elimu ya ufundi na uvuvi wa Ziwa Victoria, na injini yenyewe kama ushahidi wa kihistoria. Chanzo hiki cha tatu kinahitaji maelezo. Mashine ina mahitaji yake, na mahitaji hayo huamua nani anaweza kuitunza, kwa zana gani na kwa maarifa gani. Kwa hiyo kuisoma injini ni njia mojawapo ya kuisoma jamii iliyolazimika kujifunza kuitengeneza.

2.0 Injini kabla ya darasa

Injini zilifika Mwanza mapema kuliko elimu ya injini. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na meli za ziwani zilikuwa zikiiunganisha bandari hiyo na Kisumu na Bukoba. Uchumi wa pamba ulileta vinu vya kuchambulia, na baada ya kuundwa kwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria mwaka 1955, wakulima wenyewe wakaanza kumiliki vinu hivyo. Mgodi wa dhahabu wa Geita nao ulikuwa na karakana zake. Katika maeneo yote haya kijana wa Kisukuma, Kikerewe au Kijita aliweza kujifunza kazi ya mitambo, lakini kwa sharti moja: awe ameajiriwa. Maarifa yalikaa ndani ya uzio wa kampuni, na mitambo iliyohusika ilikuwa mikubwa, mingi ikiwa ya mvuke au dizeli.

Injini ndogo ya kupachika ilikuja kwa njia tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati nyavu za nailoni zilipoanza kuchukua nafasi ya nyavu za kitani, injini za kupachika zilianza kutumiwa katika uvuvi upande wa Uganda. Upande wa Tanganyika zilienea polepole. Kwa mvuvi aliyekuwa akivua sato na ningu karibu na ufuko na kuuza katika soko la karibu, kasia na tanga vilitosha. Injini ilikuwa gharama isiyo na kazi ya kuilipa.

Elimu rasmi ya ufundi, kwa upande wake, ilikuwa mbali na ziwa. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi, zilizoanzishwa katika miaka ya 1950, zilichukua vijana wachache kutoka nchi nzima. Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1957. Hivyo nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, eneo la ziwa lilikuwa na watu waliojifunza mitambo kwa kuajiriwa, lakini halikuwa na utaratibu wa umma wa kuwafundisha vijana ufundi wa mashine ndogo ambayo familia moja ingeweza kuimiliki.

3.0 Jembe na kasia: mipaka ya Elimu ya Kujitegemea

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Mwalimu Julius Nyerere Machi 1967, ulikosoa elimu iliyomtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake. Ulitaka shule iwe jumuiya inayozalisha, yenye shamba au karakana, na mwanafunzi asijione kuwa juu ya mzazi wake kwa sababu tu amesoma. Katika miaka ya 1970 wazo hilo lilipewa umbo la michepuo katika shule za sekondari: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Pamoja na michepuo hiyo, kulikuwa na shule za sekondari za ufundi, zikiwamo Bwiru mjini Mwanza na Musoma upande wa mashariki wa ziwa. Mwaka 1973 lilianzishwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasisitiza upya uhusiano wa elimu na kazi.

Kwa mtazamo wa ramani, basi, eneo la ziwa halikusahauliwa. Jambo lililosahauliwa ni ziwa lenyewe. Kijiji kilichokuwa akilini mwa waandaaji wa sera kilikuwa kijiji cha wakulima. Shule iliyojengwa umbali wa kutembea kutoka ufukoni ilipewa shamba la pamba au mahindi, kama shule ya Shinyanga au Dodoma. Mwanafunzi alitoka na jembe saa za kazi za mikono, ilhali nyumbani kwao chakula na ada vilitoka majini. Mafunzo ya uvuvi yaliwekwa katika taasisi tofauti, chuo cha uvuvi cha Nyegezi, kilichowaandaa hasa watumishi na wataalamu wa sekta na hakikuwa sehemu ya mtaala wa sekondari. Kwa namna hiyo, uvuvi ulitambuliwa kama taaluma ya maofisa kabla ya kutambuliwa kama kazi ambayo mwanafunzi wa kawaida angeweza kuandaliwa kuifanya vizuri zaidi kuliko baba yake.

Vituo vya ufundi stadi kwa waliomaliza elimu ya msingi, vilivyoanzishwa katika muongo huohuo, vilijikita zaidi katika useremala, uashi na kazi za chuma. Fani hizi zilikuwa na faida ya kuhitaji zana chache. Injini, kinyume chake, ilihitaji fedha za kigeni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 na mdororo wa uchumi uliofuata, vipuri na petroli vilikuwa adimu hata kwa magari ya serikali. Shule isingeweza kupata injini mpya ya kufundishia wakati ambapo hospitali ilihangaika kupata tairi. Kwa hiyo, uhaba wa injini karakanani haukutokana na dharau kwa ufundi. Ulitokana na nafasi ya nchi katika biashara ya dunia.

4.0 Karakana ya shule ilifundisha nini?

Hoja inayotajwa mara nyingi kueleza kushindwa kwa elimu ya ufundi sekondari barani Afrika ni ile ya Philip Foster, aliyeandika mwaka 1965 akitumia mfano wa Ghana. Foster alidai kwamba wanafunzi hawakuchagua kazi za ofisini kwa sababu ya mtaala, bali kwa sababu soko la ajira liliwalipa zaidi waliosoma masomo ya jumla. Kubadili mtaala kusingebadili ukweli huo. Miaka 20 baadaye, George Psacharopoulos na William Loxley walichapisha utafiti uliolinganisha shule za michepuo za Kolombia na Tanzania, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba wahitimu wa michepuo walikuwa na nafuu ya wazi katika ajira au kipato kuliko wenzao, ingawa michepuo, hasa ya ufundi, iligharimu zaidi.

Matokeo hayo yana uzito, lakini yanauliza swali moja tu: mhitimu alipata nini? Hayaulizi: injini ilipata nini? Ili kulijibu swali hili la pili ni lazima kuangalia aina ya maarifa yaliyotolewa. Somo la umakanika lilifuata mantiki ya gari. Mwanafunzi alijifunza mzunguko wa mipigo minne: kuvuta, kugandamiza, kuwasha na kutoa moshi. Alijifunza kazi ya valvu, mfumo wa oili na radieta. Alichora michoro, akataja sehemu, akaeleza tofauti ya petroli na dizeli. Haya yote ni maarifa ya kweli na ya lazima. Lakini injini ya kupachika iliyotawala ziwani ilikuwa ya mipigo miwili. Haina valvu za aina aliyoichora, haina radieta, na haina bwawa la oili chini ya silinda.

Pengo hili la mtaala lingeweza kuzibwa kwa sura moja ya kitabu. Lililo gumu zaidi ni pengo la mazingira ya kujifunzia. Injini ya karakana ya shule ilikuwa imefungwa juu ya meza ya chuma. Ilifunguliwa na kidato kimoja, ikafungwa, ikafunguliwa tena na kidato kilichofuata, hadi nyuzi za boliti zikalika. Haikuwa na mwenyewe aliyeisubiri. Haikuwa na hitilafu ambayo mwalimu hakuijua. Aidha, mwanafunzi alipoifunga vibaya, matokeo yalikuwa alama pungufu. Katika mazingira hayo anaweza kujifunza majina ya sehemu na mpangilio wake; ni vigumu sana kujifunza kutafuta hitilafu, kwa sababu kutafuta hitilafu huanza na kutojua.

5.0 Sangara, soko huria na mwalo kuwa darasa

Mabadiliko makubwa yalitoka nje ya sekta ya elimu. Sangara, aliyepandikizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980. Wakati huohuo, kuanzia 1984, serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mwaka 1986 ikaingia katika mpango wa marekebisho ya uchumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilianza kazi Mwanza, vikiuza Ulaya. Mambo haya matatu, yaani samaki, ruhusa ya kuagiza na kiwanda, ndiyo yaliyoipa injini kazi ya kuilipa.

Sababu yake ni ya kibiolojia kabla ya kuwa ya kiuchumi. Sangara wa kiwandani ni lazima afike akiwa mbichi. Barafu huyeyuka, na samaki huanza kuharibika tangu anapokufa. Mvuvi wa kisiwani anayetegemea tanga anategemea upepo. Kiwanda hakiusubiri upepo. Injini ikawa sehemu ya mnyororo wa ubaridi, sawa na barafu yenyewe. Masharti ya usafi ya Umoja wa Ulaya, na zuio la uuzaji wa samaki wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1990, yaliongeza mkazo huo. Sensa za uvuvi zinazoratibiwa na Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyoundwa kwa mkataba wa 1994, zinaonyesha kwamba katika muongo wa kwanza wa karne hii idadi ya injini ziwani iliongezeka mara kadhaa. Kila injini iliyoongezeka ilihitaji mtu wa kuitengeneza, na shule haikuwa imemwandaa mtu huyo.

Mwalo ukamwandaa kwa utaratibu wake. Kijana alianza kama spana boi: kubeba, kuosha sehemu kwa petroli, kushika taa, kukumbuka boliti ipi ilitoka wapi. Baadaye aliruhusiwa kubadilisha plagi na kusafisha kabureta. Silinda na krenki vilikuja mwishoni. Kanuni yake kuu ya kutafuta hitilafu ilikuwa rahisi na sahihi: injini isiyowaka imekosa moja kati ya mambo matatu, petroli, cheche au mgandamizo. Plagi ikitoka ikiwa imelowa, petroli inafika, basi tafuta cheche. Plagi ikiwa kavu, rudi kwenye bomba, chujio na kabureta. Kamba ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, shaka ielekee kwenye ringi. Huu ni mtiririko wa kimantiki ambao mwalimu wa fizikia angeutambua mara moja kama ungekuwa umeandikwa ubaoni.

Mazingira ya ziwa yaliongeza masomo yake. Injini ya kupachika hupozwa kwa maji yanayovutwa na pampu ndogo yenye gurudumu la mpira. Mchanga wa maji ya kina kifupi hulila gurudumu hilo, na mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini ukipungua, nahodha anatakiwa kujua kwamba pampu inachoka. Magugu maji, yaliyoenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yaliziba tundu la kuvutia maji na kuzonga propela. Injini iliyotumbukia majini ilipaswa kumwagwa maji, kusafishwa na kuwashwa haraka kabla kutu haijaingia kwenye beringi. Haya hayakuwa katika kitabu chochote cha sekondari, na yasingeweza kuwamo katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nzima bila kulifikiria ziwa.

Lakini somo lililo zito kuliko yote lilikuwa la kijamii. Katika injini ya mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50. Lita 20 za petroli huhitaji mililita 400 za oili. Anayechanganya ndiye anayeilainisha injini, na mara nyingi si mmiliki. Tajiri yuko nchi kavu. Mafuta yanachanganywa na wavuvi usiku, kwa chupa na kwa kukadiria. Oili ikipungua, pistoni hukwama ndani ya silinda. Swali linaloulizwa mwaloni asubuhi ni nani alipe, na fedha zinazozungumzwa zinaweza kumeza mgawo wa wavuvi kwa muda mrefu. Fundi anapofungua silinda, hafanyi matengenezo tu, anatoa ushahidi. Hali ya pampu ya maji, rangi ya plagi na michubuko ya pistoni, vikisomwa pamoja, huonyesha kama injini ilikosa oili kwa uzembe wa waliochanganya, au ilikosa maji kwa sababu tajiri alikataa kununua pampu mpya. Fundi asiyejua anaweza kuwatia hatiani watu wasio na kosa. Fundi anayejua lakini anayemtegemea tajiri kwa kazi ya kesho ana mtihani mwingine, ambao hakuna baraza linalousimamia.

6.0 Lugha mbili za injini moja

Utengano wa shule na mwalo ulikuwa pia utengano wa lugha. Elimu ya msingi ilitolewa kwa Kiswahili. Sekondari kwa Kiingereza. Mapendekezo ya Tume ya Makwetta ya 1982 yalifufua matumaini kwamba Kiswahili kingepanda hadi sekondari, lakini serikali haikuendelea na njia hiyo. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi aliyejifunza mgandamizo alijifunza kwa neno ambalo hangeweza kulitumia mwaloni, na fundi aliyeujua mgandamizo kwa mkono hakuwa na neno ambalo mtihani ungelikubali.

Hata hivyo, mafundi hawakukaa bila istilahi. Plagi, kabureta, ringi, pistoni na spana yalichukuliwa na kupewa sauti za Kiswahili. Vitenzi vilifuata. Injini inayokosa moto kwa vipindi “inamisi”. Injini iliyoharibika ndani hadi kugoma “imenoki”. Mfano huu wa pili una thamani ya pekee kwa mwanahistoria wa lugha. Neno la Kiingereza lililozaa “kunoki” hutaja mlio wa kugonga, yaani dalili. Katika Kiswahili cha gereji limehama na kuwa jina la matokeo, huku dalili ikielezwa kwa kitenzi cha asili: injini “inagonga”. Mafundi wamegawanya maana mbili ambazo Kiingereza cha mitaani huzichanganya. Huo ni uundaji wa istilahi, uliofanywa bila kamati.

Kazi ya kamati nayo ilikuwapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na Baraza la Kiswahili la Taifa limeendelea kusanifu istilahi. Kwa hiyo, Kiswahili kina uwezo wa kueleza injini. Njia iliyokosekana ni ya kupitisha istilahi za kamusi hadi mwaloni na za mwaloni hadi kwenye kamusi, kwa kuwa shule ya sekondari, ambayo ingekuwa daraja, ilizungumza lugha ya tatu.

7.0 Mipaka ya maarifa ya mwalo

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mwalo ulishinda na shule ikashindwa. Utaratibu wa mwaloni ulikuwa na kasoro zinazotokana na muundo wake. Kwanza, ulitegemea kazi ya kijana isiyolipwa au inayolipwa kidogo, na fundi mkuu hakuwa na sababu ya kuharakisha kumfundisha mtu ambaye kesho angefungua kijiwe jirani. Pili, ulifundisha kanuni bila sababu zake. Anayejua kwamba oili kidogo huua injini, lakini hajui oili inafanya kazi gani ndani ya chumba cha krenki, huelekea kuongeza oili “kwa usalama”. Matokeo yake ni plagi kuchafuka, moshi kuzidi na mafuta yasiyoungua kuingia ziwani, kwa kuwa injini ya mipigo miwili hutoa nje sehemu ya mchanganyiko wake bila kuuchoma.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, maarifa yaliyofungamana na mashine ya aina moja huzeeka pamoja na mashine hiyo. Injini za mipigo minne zinaingia ziwani. Zina valvu zinazohitaji kupimwa kwa usahihi, na baadhi zina mifumo ya kielektroniki isiyosomeka kwa sikio. Pikipiki za bodaboda, zilizoenea Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, nazo nyingi ni za mipigo minne. Ile michoro ya kuvuta, kugandamiza, kuwasha na kutoa moshi, iliyoonekana haina kazi ufukoni mwaka 1985, sasa ndiyo inayohitajika. Nadharia ya shule haikuwa bure. Ilitangulia mashine yake.

8.0 Kutoka shule za kata hadi mkondo wa amali

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 uliharakisha ujenzi wa shule za kata. Kwa mara ya kwanza, vijana wengi wa kata za ufukoni na visiwani waliweza kusoma sekondari karibu na nyumbani. Shule na injini vilifika ufukoni katika kipindi kimoja, lakini shule ilifika bila karakana. Michepuo ilikuwa imekwisha kufifia, na mafunzo ya ufundi yalikuwa yamekabidhiwa kwa kiasi kikubwa kwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya 1994 na yenye chuo chake Mwanza, eneo la Nyakato. Aliyefaulu aliendelea kidato cha tano. Aliyeshindwa na mwenye ada alikwenda chuoni. Aliyeshindwa na asiye na ada alirudi mwaloni. Kwa mpangilio huo, ufundi wa injini uligeuka kuwa hukumu ya waliofeli, na hapo dharau ambayo nadharia iliichukulia kama chanzo ilizalishwa na mfumo wenyewe.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla, na utekelezaji wake ulianza katika baadhi ya shule Januari 2024. Shabaha ni mwanafunzi amalize akiwa na elimu ya sekondari pamoja na ujuzi wa fani unaotambulika. Kihistoria, huu si mwanzo; ni jaribio jingine la wazo la 1967. Historia iliyoelezwa hapa inatoa vigezo vitatu vya kulipima.

Kigezo cha kwanza ni mashine: je, shule ya Ukerewe itafundishia injini ya kupachika, au itapewa seti ileile inayopelekwa mikoa isiyo na ziwa? Cha pili ni hitilafu: je, mwanafunzi atatengeneza injini yenye mwenyewe, inayosubiriwa, chini ya usimamizi, au atafungua ileile iliyofunguliwa na kidato kilichotangulia? Cha tatu ni mwalimu: je, fundi wa mwaloni ataingia karakanani kama mkufunzi na mtahini msaidizi? VETA tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utaratibu huo humpa fundi cheti kwa kile anachokijua. Hatua iliyobaki ni kumpa nafasi ya kukifundisha, na kumpa nadharia anayoihitaji kwa ajili ya mashine zinazokuja.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba utengano wa shule ya sekondari na ufundi wa injini ndogo kandokando ya Ziwa Victoria haukutokana na sababu moja. Sera ilimwona mkulima na haikumwona mvuvi. Uhaba wa fedha za kigeni uliifanya injini kuwa kitu cha kuchorwa zaidi kuliko kutengenezwa. Lugha ya kufundishia iliwatenga mwanafunzi na fundi. Na upanuzi wa sekondari ulifika ufukoni baada ya karakana kuachwa. Katika pengo hilo mwalo ulijenga elimu yake, yenye mantiki, istilahi na maadili ya kazi, lakini isiyo na kinga dhidi ya mabadiliko ya mashine wala dhidi ya nguvu za mwenye mali.

Kwa watafiti wa historia ya elimu, suala hili linaelekeza mtazamo mpya. Mafanikio ya elimu ya ufundi yamezoeleka kupimwa kwa mshahara wa mhitimu. Kipimo hicho ni halali, lakini hakiwezi kumwona aliyebeba matokeo ya ufundi mbaya, yaani watu wanne waliomo ndani ya mtumbwi, kilomita nyingi kutoka nchi kavu, wakivuta kamba ya injini ambayo mtu fulani aliwaambia kuwa imepona. Historia ya elimu ya ufundi ziwani haitakuwa kamili mpaka nao wahesabiwe.